Neno Nililomnyima Arishat

Siku ya nane tangu nitoke gerezani, foleni ya watu mlangoni kwetu ilikuwa imefika kisimani.

Walikuja na mitungi ili waonekane wanateka maji. Wengine walibeba vikapu vya tini, wengine kuku. Mama alipokea tini akakataa kuku, alisema tini hazipigi kelele. Wote walitaka kitu kimoja, barua ya amani. Amri ya Kaisari ilipotolewa walikuwa wamepanda kilimani, wakatupa ubani motoni mbele ya sanamu, wakaonja nyama ya kafara, wakapewa hati za kuonyesha kwamba wao ni raia wema. Sasa amri ilikuwa imepoa. Hati walikuwa nazo, ila kanisani hawakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Lakini kwetu kulikuwa na desturi kwamba mtu aliyefungwa kwa ajili ya Kristo na asimkane, neno lake lina uzito. Akisema mpokeeni fulani, wazee wanampokea.

Na katika mji wetu, aliyerudi hai kutoka gereza la Kartago nilikuwa mimi peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sikuzoea kutazamwa. Tangu utotoni nilifanya kazi kwenye uwanja wa chumvi, kupasua samaki wa vibua na kuvipanga kwenye mabirika makubwa ya mawe ya kutilia chumvi, na kazini kule watu hutazama mikono yako tu. Sasa nilikalishwa kitini kama bibi arusi. Nampulo, msomaji wa kanisa, alikaa chini kwenye kigoda akaandika. Mimi nilisikiliza, na nikiridhika nilichora jina langu chini ya barua, herufi moja moja, huku mtu akisubiri na kuhema.

"Mama Mustula," aliniambia mwoka mikate mmoja, mzee wa ndevu nyeupe, amenipigia magoti mimi Mustula ambaye juzi tu alikuwa akinifukuza dukani kwa harufu ya samaki. "Mimi ule ubani niliutupa kwa mkono wa kushoto."

"Kwa hiyo?"

"Si wa kulia, mama."

Nampulo akacheka puani. "Na nyama ulitafuna kwa meno ya upande gani?"

"Andika tu," nikasema. "Mwandikie."

Nilikuwa mwepesi wa kusamehe. Watu hawa walikuwa hawajanikosea mimi. Walikuwa wamemkosea Mungu, na Mungu ana nafasi.

Ndipo nikainua macho nikamwona Arishat. Alikuwa mtu wa sita kwenye foleni, mikono mitupu, hana mtungi wala kikapu.

Arishat alikuwa wifi wa dada yangu Namgidde, dada wa mume wake. Yule mume alikufa kwa homa kabla hawajapata mtoto, na wanawake hawa wawili wakabaki nyumba moja, chungu kimoja, kama waliozaliwa pamoja. Kazini tulisimama watatu kwenye meza moja ya kupasulia. Arishat ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Mimi nilikuwa siimbi mbele za watu, lakini yeye alikuwa akinipiga kumbo kwa kiwiko mpaka naimba.

Askari walipoanza kupita nyumba hadi nyumba, mimi na Namgidde tulijificha kwenye birika la mwisho la uwanja wa chumvi, lile lenye ufa ambalo halikuwa likitumika. Arishat alijua. Yeye ndiye aliyetufunika kwa majamvi, na siku ya kwanza alituletea uji wa shayiri. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu asubuhi nilisikia viatu vya askari, kisha sauti yake.

"Lile la mwisho. Watoeni, wasije wakatuletea balaa na sisi wengine."

Jamvi likavutwa. Jua likaingia machoni. Nilipoanza kuona, nilimwona amesimama nyuma ya askari na hati yake mkononi, mpya, wino unang'aa. Midomo yake ilikuwa na mafuta. Alikuwa ametoka moja kwa moja kilimani, na alikuwa bado anatafuna.

Kule kilimani tuliambiwa jambo rahisi. "Punje mbili za ubani, binti zangu," karani akasema, mtu mpole, mwenye mafua. "Punje mbili tu. Hata inzi hatazinusa."

"Kama ni kidogo hivyo," Namgidde akamjibu, "Kaisari hatajua kama hazipo."

Watu wakacheka, hata askari mmoja. Mimi nilisema neno moja tu, "Sitaki," na nililisema nikitazama miguu yangu. Karani akaniomba nilirudie kwa sababu hakusikia.

Tulipelekwa Kartago, wakatusukuma kwenye chumba cha chini, watu arobaini mahali pa kuweka punda kumi. Liwali alikuwa ameamuru tusipewe maji mpaka tuombe ubani wenyewe. Sitaeleza mengi. Mawe ya ukuta yalikuwa ya moto hata asubuhi. Siku ya nne Namgidde alinivuta sikio mpaka kwenye midomo yake.

"Nikifa," alisema, "watakuja kuomba amani. Wape wote kwa jina langu. Arishat awe wa kwanza."

"Usizungumze. Unamaliza mate."

"Mwambie sina kinyongo naye. Mwambie alikuwa na hofu tu. Ahidi."

Niliitikia kwa kichwa. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba sikuahidi, kwa sababu sikufungua mdomo.

Alikufa asubuhi iliyofuata, na mlinzi akamtoa kwa kumburuta miguu. Hakuna aliyesikia maneno yale, nilidhani. Aliyelala karibu nasi alikuwa Mattana, bibi kizee msuka nyavu wa mji wetu, ambaye sikio lake moja lilikuwa limekufa, na alikuwa ameelekea ukutani. Liwali alipochoka nasi na kuwaachia waliobaki, Mattana hakuachiwa. Alikuwa amemwambia hakimu kwamba ana uso wa pweza, na hakimu akamwandika abaki mpaka atakapokumbukwa.

Watu waliponiuliza nilivumiliaje kiu ile, niliwaambia ni zaburi. Zaburi zilisaidia. Lakini kilichonishikilia roho isitoke baada ya Namgidde kuondoka kilikuwa uso wa Arishat ukitafuna. Nilikuwa nimekwisha kuipanga siku hii. Nilijua atakuja, nilijua atapiga magoti, na nilikuwa nimeyachagua maneno yangu moja moja gizani mle, kama mtu anayechagua mawe ya kutupa.

Sasa alikuwa mtu wa tano. Kisha wa tatu. Niliwasikiliza wale wa mbele yake bila haraka. Mmoja nilimfanya aeleze mara mbili, ili jua limpate Arishat vizuri.

Alipofika hakupiga magoti mara moja. Alinitazama kwanza mikono, jinsi ilivyokonda.

"Wifi," akasema.

"Usiniite wifi. Aliyekufanya wifi amekufa."

Akapiga magoti. Nampulo alikuwa ameshachovya kalamu. Foleni nzima ilisogea karibu, maana mji mzima ulijua nani alionyesha birika.

"Sikuja kujitetea," akasema. "Walisema mwenye hati akikutwa amemficha mtu, wanachomwa wote. Niliogopa moto. Basi. Sina kingine."

"Namgidde naye aliogopa kiu."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungekuwa huna ulimi wa kuniambia unajua."

Aliinamisha kichwa. Nilimwona shingo, mahali pale pa nyuma ambapo nywele huanza, na nilifurahi. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Nilifurahi kama mtu aliyefika kisimani.

"Nakuuliza jambo moja tu, Mustula. Halafu nitaondoka. Alisema lolote? Kabla hajafa. Aliniachia neno?"

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaandaa, makali na ya matusi. Hakuna hata moja lililofaa kama hili alilonipa mwenyewe.

"Alisema maji," nikamjibu. "Neno lake la mwisho lilikuwa maji. Wewe hukutajwa."

Nyuma yangu nilisikia bakuli likianguka. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilikuwa sijamweleza chochote kuhusu kifo kile, na yeye hakuwa ameuliza, alikuwa akisubiri nipone. Sasa alikuwa amelisikia neno la mwisho la mtoto wake, na lilikuwa la uongo, na sikuweza kulirudisha bila kumpa Arishat alichokitaka. Nikaliacha.

"Basi," Arishat akasema. Aliinuka, akajikung'uta magoti. "Basi nitasimama mlangoni."

"Simama," nikasema. "Mlango ni mkubwa."

Wasio na barua walikuwa na njia yao. Kila siku ya Bwana walisimama nje ya ua wa mzee wa kanisa Sekundo, tulimokusanyikia, wamevaa magunia, na kila aliyeingia walimwomba awaombee. Ilikuwa ni miaka, si miezi. Wachache waliivumilia. Arishat alisimama karibu na bomba la paa, mahali ambapo wengine walipakwepa kwa sababu mvua ilikuwa ikimwagikia hapo.

Nilikuwa na pahali pangu kwenye jamvi la mbele. Niliweza kuingia kwa mlango wa nyuma, ulikuwa karibu zaidi na kwetu. Sikuutumia hata siku moja. Nilizunguka mpaka mlango wa mbele, nikapita polepole, nikimsubiri aseme.

"Niombee, Mustula."

Sikujibu. Kila wiki sikujibu, na kila wiki ilikuwa tamu.

Haikunitosha. Nilimwendea msimamizi wa uwanja wa chumvi nikamwambia siwezi kushika kisu karibu na mwanamke yule. Msimamizi hakuwa mtu wetu, lakini aliogopa watu waliotoka gerezani, alidhani tuna uchawi. Akamhamishia kwenye mashimo ya matumbo, kule ambako mchuzi wa samaki huachwa juani ili uchachuke, na anayefanya kazi pale hata mbwa humkwepa. Arishat alichukua ndoo yake akaenda. Nilingoja alalamike. Laiti angenitukana, hata mara moja, ningelala vizuri. Alikuwa akinisalimu.

Mzee Sekundo alinijia na ombi lile lile mara tatu.

"Mwanangu, umeupa amani mji mzima. Mpaka yule mwoka mikate."

"Mwoka mikate hakumuua dada yangu."

"Barua moja tu. Ndogo. Jina lako na basi, watu waache kusema."

"Kule kilimani nako waliniambia hivyo hivyo, mzee. Jambo moja tu. Dogo. Ili watu waache kusema."

Akaondoka na fimbo yake. Nilikuwa nimejifunza kwamba ukilitaja gereza lako, hakuna anayekujibu. Nililitaja mara nyingi.

Jambo lililonisumbua lilikuwa moja, nalo lilikuwa nyumbani. Kwetu wafu hupelekewa chakula na kinywaji. Wengine hupeleka divai, wengine uji na mkate. Namgidde alizikwa Kartago na ndugu wa huko, kwa hiyo mama aliweka jiwe uani, karibu na tanuri. Kila jioni alikuwa akilimiminia maji jiwe lile. Hakupeleka kitu kingine. Alikuwa akimimina kidogo kidogo, anasubiri ardhi inywe, anamimina tena, kama anavyonyweshwa mgonjwa. "Taratibu, mama," alikuwa akiliambia jiwe. "Utapaliwa." Mimi nilikuwa nikitafuta kazi ya kufanya upande wa pili wa nyumba.

Hivyo ikapita miaka miwili.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa kuhara na macho mekundu. Watu walikufa mpaka wakakosa wa kuwabeba. Ikasemwa mjini kwamba miungu imekasirika kwa sababu wapo wasiotoa kafara, na liwali mpya akatangaza watu wapande tena kilimani, safari hii kwa majina, kutoka kwenye orodha.

Wazee wakaamua mimi niondolewe. Walisema kanisa lisipoteze muungamaji wake, yaani aliyemkiri Kristo gerezani akarudi hai, na kwamba niliyekwisha kushuhudia sina deni la kushuhudia tena. Nilikubali upesi. Nilipelekwa na mama kwenye shamba la mizeituni la binamu yake, bara, mwendo wa siku mbili, na huko nilikaa nikichuma zeituni, nikijiambia kwamba Arishat sasa hivi anatafuna tena.

Nampulo ndiye aliyetuletea habari, juu ya punda wa kuazima, vumbi mpaka kwenye kope.

"Arishat ameshikwa," akasema hata kabla ya salamu.

"Ameonyesha nani safari hii?"

Alinitazama. Nampulo alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku ile hakuwa nao. "Keti, Mustula. Nilikuwepo, nilisimama nyuma ya wauza njiwa. Aliitwa wa kumi au wa kumi na moja. Alikuja na lile gunia lake. Karani ni yule yule, mwenye mafua. Akamkumbuka. Akamwambia, wewe mama si mgeni, mara ile ulikuja mapema. Hati yako unayo? Akasema anayo. Akaitoa kifuani, kumbe alikuwa ameihifadhi muda wote. Karani akamsogezea bakuli la ubani. Yeye akaitupa hati motoni."

"Hati?"

"Hati. Karani akaruka. Akamwambia, mwanamke, una wazimu, ile ndiyo ilikuwa salama yako! Akajibu, ndiyo maana nimeileta. Halafu akakaa chini, pale pale mbele ya moto. Walimbeba." Nampulo akafuta macho kwa mkono wenye vumbi, akayachafua zaidi. "Alikuwa anaogopa, Mustula. Sijawahi kuona mtu anayeogopa vile. Na hakuinuka kuuchukua ubani."

Mama akasema, "Mungu amshike." Mimi nilirudi kwenye kikapu changu. Nilikuwa na hasira iliyonishangaza. Nani alimpa ruhusa? Mlangoni ndipo nilipomweka, na alikuwa ameondoka bila kuniaga.

Alikaa siku kumi na moja katika gereza la Kartago, kisha akakatwa kichwa pamoja na wanaume wanne. Baada ya hapo amri ililegea, kwa maana liwali mwenyewe aliugua, na mimi na mama tukarudi mjini.

Siku ya Bwana ya kwanza ua wa Sekundo ulijaa. Ilikuja barua kutoka Kartago, iliyoandikwa na shemasi wa huko kwa kinywa cha Arishat siku moja kabla ya kuuawa. Ilikuwa bado imefungwa kwa uzi. Sasa alikuwa shahidi. Damu yake ilikuwa imefuta ubani, na nyama, na birika, vyote, bila jina langu chini yake. Watu walikuwa wakilia kabla hata haijafunguliwa. Nilikaa kwenye jamvi langu la mbele, uso wangu umetulia. Nilikuwa nimeamua kuisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Nampulo akakata uzi akasoma kwa sauti.

"Arishat mfungwa, kwa ndugu wote wa nyumbani. Salamu. Kesho ni siku yangu. Niombeeni nisipige kelele, maana mnajua mimi ni mwoga. Huku nimemkuta bibi Mattana, mzima, hana meno, bado anawatukana walinzi. Anawasalimu. Anasema nyavu alizoziacha nyumbani zisiuzwe." Watu wakacheka wakiwa na machozi. "Mattana amenieleza maneno ambayo Namgidde alisema siku ya nne. Alikuwa macho, aliyasikia kwa sikio lake zima. Kwa hiyo nakufa nikiwa nimeshiba. Nami nina ombi moja, kwa haki ya mtu anayekufa kesho. Mpeni amani Mustula, kwa ajili ya..."

Nampulo akaacha kusoma. Alitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Soma," mzee Sekundo akasema.

"Kwa ajili ya neno alilolishikilia. Nimemsamehe. Sina kinyongo naye. Alikuwa na uchungu tu."

Nilisikia punda wa jirani akitafuna.

"Neno gani, mwanangu?" Sekundo akauliza.

Nilikuwa na la kujibu. Mattana alikuwa mzee, kiziwi nusu, amekaa gizani miaka miwili. Nani angeamini maneno yake kuliko yangu? Ningesema tu, sijui bibi aliota nini, na gereza langu lingenilinda kama siku zote. Lilinijia ulimini.

Lakini nilikuwa nawaka. Mwanamke huyu alikuwa amenivua nguo mbele ya mji mzima, kwa sauti ya upole, kwa maneno ya dada yangu mwenyewe. Sina kinyongo naye. Nilimwona kama yuko pale mbele yangu, amepiga magoti, na mimi ndiye niliyepigwa. Sijui mpaka leo kama aliniombea au alinilipiza. Labda hata yeye hakujua. Na kama ningekana, ningekuwa nimekaa chini ya msamaha wake maisha yangu yote, nimeuficha kama mwizi.

Nikasimama. Safari hii nilisema kwa sauti, na karani yeyote angenisikia.

"Namgidde alimwachia neno. Aliniambia nimpe amani awe wa kwanza. Nikasema hakumtaja. Nilitaka ateseke."

Mama alikuwa upande wa wajane. Hakupiga kelele. Aliinuka, akaja mpaka mbele yangu, akanishika kidevu kama nilipokuwa mtoto.

"Maji," akasema. "Hakusema maji?"

"Sote tulikuwa tukisema maji, mama. Lakini halikuwa la mwisho."

"Miaka miwili namnywesha." Mkono wake ukaniachia. "Miaka miwili nadhani bado ana kiu."

Akarudi kukaa, na wajane wakamsogelea.

Mzee Sekundo alikuwa na huruma, na alikuwa mtu wa kutaka mambo yaishe. Akainua barua. "Ndugu, mmesikia. Shahidi ameomba, na neno la shahidi halikataliwi. Mustula amepokelewa. Keti, mwanangu, tuendelee na sala."

"Siitaki," nikasema.

"Hutaki nini?"

"Amani hiyo. Siitaki kutoka kwake."

"Mwanangu, hicho ni kiburi."

"Najua. Basi kiandikeni na hicho."

Nikalikunja jamvi langu. Nilipita katikati yao, wale niliowaandikia barua na wale walionibusu mikono, nikatoka kwa mlango wa mbele. Sitasema nilitoka kwa toba. Nilitoka kwa sababu njia ya magunia ni ndefu, na niliona afadhali miaka kumi mvuani kuliko kuingia siku moja kwa jina la Arishat.

Siku ya Bwana iliyofuata ilinyesha tangu alfajiri. Walikuwepo wanne mlangoni, na nafasi moja ilikuwa wazi, chini ya bomba. Mwanamke mnene aliyekuwa akiuza chumvi alilitazama gunia langu, jipya, bado linawasha.

"Ni hapo tu pamebaki," akasema. "Na usijitanue, bibi mkubwa. Huku hakuna jamvi."

"Sijitanui."

"Na ukisema, sema kwa sauti. Mwenzio alikuwa ananong'ona mwanzoni, watu wanapita hawamsikii."

Maji yaliniingia shingoni. Watu wakaanza kuja. Nilipaswa kumwomba kila anayeingia, nikawaacha wapite. Nilitazama miguu ikipita, viatu vya kamba, nyayo za wavuvi, fimbo ya Sekundo. Nilijaribu kumwombea Arishat, nikafika kwenye jina nikaacha.

Kisha nikaiona miguu ya mama. Ningeitambua popote, ina makovu ya chumvi kama yangu.

"Mama," nikasema. "Niombee."

Akapita. Alikwenda hatua mbili, tatu, akawa ameshaweka mguu kwenye kizingiti. Ndani walikuwa wameanza kuimba. Alisimama pale, mgongo umeniangalia, mvua ikimshukia kwenye shela.

"Kwanza nielezee," akasema. "Yote. Kama alivyosema yeye, usiongeze."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Nikamweleza. Nilimweleza Namgidde alivyonivuta sikio, midomo yake ilivyokuwa mikavu, nilivyomwambia asimalize mate. Mama aligeuka ili asikie vizuri. Wale wenye magunia nao walisogea. Nikafika mahali pale.

"Wape wote kwa jina langu," nikasema. "Wape wote, na..."

"Na nani?" mama akauliza. "Awe wa kwanza nani?"

Mvua ilikuwa ikinipiga kichwani. Mama hakusogea, hakunihurumia, alingoja tu mpaka nilipolitamka.